Barabara ya mtaa imebebwa na mvua? Wacha kwanza kununua maramu

Masika ya 2024 ndio yalitutoa ushamba. Niko Utawala, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, barabara yetu ni ile ya ndani kabisa, mita kama mia tatu hivi, nyumba ishirini na mbili, juu inaanzia kwa lami na chini inaishia kwa bonde, na ule mwezi wa nne maji yaliipasua katikati kama mtu amepitisha plau. Gari zililala huko juu wiki mbili, watoto wakabebwa mgongoni hadi steji, na mvua ilipopunguza tukafanya venye kila mtaa Nairobi hufanya: tukachanga, tukaita tipa saba za maramu, ule udongo wa changarawe wa kutandaza barabarani, greda ikapita asubuhi moja, picha zikaenda kwa grupu ya WhatsApp, makofi na vidole gumba. Mvua iliyofuata ikabeba yote. Ukitaka kuona pesa yetu ulikuwa unashuka tu kwa bonde unaikuta huko imelala.

Sasa barabara imesimama imara, na hii naandika kwa yule ako na barabara kama yetu na anataka kuanza kuchangisha watu wiki hii. Maramu haikuwa na makosa. Tulitengeneza barabara na hatukutengeneza njia ya maji, na hiyo njia ya maji huku kwetu inauliwa kwa mageti, nitafika hapo.

Kabla ya jembe, jua barabara ni ya nani

Hii fanya haraka lakini fanya. Sheria ya barabara ya 2007 ndio ilileta KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani, halafu kuna kaunti. Barabara yenye iko ndani ya korti, yaani zile nyumba za geti moja kubwa, au yenye ilitokea mwenye shamba alipokata ploti akauza, mara nyingi haiko kwa orodha ya yeyote kati yao, hiyo ni yenu, mtaibeba wenyewe. Tafuta ramani ya ploti muone upana wake halisi, utashangaa ukuta wa nani umekanyaga barabara. Na pale inapokutana na barabara ya umma usikate lami wala usiguse mtaro wao bila ruhusa ya maandishi. Pia uliza laini za maji, maji taka, stima na faiba za intaneti zimepita wapi, kwa sababu jembe likitoboa paipu ya maji mtaa mzima utalijua jina lako.

Hatua ya 1: vaa gambuti utoke mvua ikinyesha

Hii ndio hatua watu huruka na ndio ya maana kuliko zote na haina gharama. Usikague barabara jua likiwaka, hapo unaona vidonda tu huoni kisu. Toka mvua ikiwa inanyesha kabisa, mwavuli na simu, upige video kutoka juu hadi chini, na utembee na vigingi uvipige kwa kila mahali maji yanaingia, yanavuka, yanalala na yanatoka. Lakini kama maji yashafika magoti na yanakimbia, rudi nyumba, hiyo si video ya kufia.

Kila kidonda kina maana yake. Ukiona mifereji mirefu inafuata njia ya matairi, barabara haina mgongo, iko bapa ama imebonyea katikati kama sahani, kwa hivyo maji yanatembea juu yake badala ya kutoka kando. Ukiona mfereji umekata kutoka upande huu hadi ule, kuna ploti ama paa inamwaga hapo, ama kuna kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, imeziba. Dimbwi lenye halikauki siku tatu baada ya mvua, chini hapo ni udongo mlaini, ukijaza maramu juu itazama tu. Na ukingo ukiwa umeliwa kwa chini, mtaro una kasi sana. Sisi tulikuwa na zote nne, kwa hivyo usikate tamaa.

Hatua ya 2: hesabu maji

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwa mita moja mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 50, na Aprili ya Nairobi hiyo inaweza kuja siku moja, ni lita 5,000. Zidisha kwa nyumba ishirini na mbili, ni lita 110,000, na hapo sijagusa uani zenye watu wameweka kabro, yale matofali ya zege, ukuta hadi ukuta hakuna tone linaingia ardhini. Ndio maana barabara yenye ilikuwa sawa mkiwa nyumba tano inaanza kukatika mkifika ishirini. Haikuharibika, ni nyinyi mmeongezeka.

Kwa hivyo kabla hujafikiria greda, kila nyumba ifunge gata na tangi. Tangi yenye imejaa tayari haisaidii, inafaa kutumiwa, oga, fua, osha gari, bora mvua ikija ipate nafasi.

Hesabu ya paipu ya kupitisha hayo maji sasa. Eneo la hekta moja, yaani kama ekari mbili na nusu, ikinyesha kwa kasi ya milimita 60 kwa saa na asilimia 70 ya hayo maji itiririke, ni kama lita 117 kila sekunde. Paipu ya zege ya milimita 300, imelazwa na mteremko wa asilimia 1, ikiwa safi kabisa haina hata chupa moja ya soda ndani, inapitisha kama lita 95. Imeshindwa. Ya milimita 600 hapo hapo inapitisha kama lita 600. Upana umeongezeka mara mbili, maji mara sita. Fundi akikuambia "boss, hii ya inchi sita inatosha," mwache amalize chai yake na utafute mwingine.

Hatua ya 3: tafuta mahali maji yataishia

Mtaro wenye hauna mwisho ni kidimbwi kirefu. Jibu hili swali kabla mtu hajashika sururu: haya maji yanaenda wapi? Kama kuna mtaro wa umma karibu, omba ruhusa muunganishe. Kama ni mto ama kijito, kumbuka ukanda wa kando ya mto unalindwa na sheria, mita 6 hadi 30 kulingana na mto wenyewe, kwa hivyo hujengi ukuta hapo, na pale maji yanatokea unaweka mawe yasichimbe. Usiyaelekeze kwa ploti ya mtu ati kwa sababu haijajengwa. Mwenyewe atakuja siku moja, na atakuja na wakili.

Na tafadhali, usifungue menholi ya maji taka uelekeze maji ya mvua huko. Hiyo laini haikutengenezewa mvua, itajaa na kinyesi kitapanda kwa choo cha jirani wa chini, na yeye atajua imetoka wapi.

Kama kweli hakuna pa kutolea, watu huchimba shimo la kunyonya maji na kulijaza mawe. Hapa angalia udongo wako kwanza. Kule Karen, Kikuyu, Runda, udongo mwekundu unanyonya vizuri. Huku Embakasi, Ruai, Utawala, ukienda hadi Kitengela, sehemu kubwa ni udongo mweusi, ile blakotoni, ikishiba inajifunga kabisa na shimo lako linakuwa kisima cha vyura. Chimba shimo dogo la mita moja, mwaga maji ujaze, kesho yake uangalie. Kama yako pale pale, sahau.

Hatua ya 4: mitaro

Anzeni kuchimba kutoka chini mkipanda juu, si juu mkishuka, ili siku mvua ikiwakuta katikati ya kazi maji yawe na pa kutokea. Mteremko unaotaka ni kama asilimia 1, yaani kila mita 100 mtaro unashuka mita moja. Chini ya nusu asilimia taka inalala, na ukizidi sana maji yanaanza kula udongo. Kupima huhitaji mashine, chukua paipu nyembamba inayoonyesha ndani, jaza maji, mtu mmoja huku mwingine kule, maji ya pande zote mbili yanasimama sawa, pima kutoka hapo kwenda chini kwa uzi wa fundi. Macho yanadanganya, tulikuwa na kipande sote tuliapa kinashuka kumbe kinapanda.

Sakafu ya mtaro iwe angalau sentimita 45 chini ya ukingo wa barabara, kuta ziwe zimelala, si wima, ukuta wima kwa udongo mweusi unaanguka ukikauka na kupasuka. Penye kuna mteremko mkali weka vizuizi vya mawe kukatisha mtaro, vifupi, katikati chini kidogo kuliko kando, ukivipanga hivi: kichwa cha kile cha chini kiwe sawa na mguu wa kile cha juu. Maji yanashuka ngazi badala ya kukimbia.

Halafu ile makosa ya vibarua wote. Wakichimba wanatupa udongo pale karibu, kati ya mtaro na barabara, unakuwa tuta refu zuri, na sasa maji ya barabara hayawezi kuingia kwa mtaro. Mmelipa pesa kutenganisha maji na mtaro wake. Udongo uende mbali, kwa wilbaro, siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: mageti, na hapa ndio kazi iko

Kila mtu akinunua gari anajaza kokoto mbele ya geti lake, anamwaga zege, anaita rampu. Chini anaweka kipaipu cha plastiki cha inchi nne, ama haweki kitu. Nyumba ishirini na mbili, rampu ishirini na mbili, kila moja ni bwawa. Maji yanapanda kwa barabara, yanazunguka rampu, yanarudi kwa mtaro, yanapanda tena kwa rampu ya pili. Ndio ile barabara unaona imeumwa umwa upande mmoja kama mahindi choma.

Dawa ziko tatu. Unaweza kuacha mtaro wazi ukapita chini ya geti na ukaufunika na slabu za zege zenye vyuma, vipande vipande vyenye watu wanne wanaweza kuinua, ili kuzibua iwezekane. Hii ndio napenda. Ama uweke kalvati, isipungue milimita 450, na sakafu ya kila kalvati ifuate uzi mmoja kutoka juu hadi chini, kwa sababu moja tu ikiwa juu kwa sentimita kumi inafanya zote za nyuma yake zilale na matope. Ama penye mtaro hauna kina kirefu, jenga sahani ya zege, pana na yenye kina kidogo, gari inapita ndani yake polepole na maji yanapita wakati wake, hakuna kitu cha kuziba.

Lakini zege ni rahisi, watu ndio wagumu. Kwetu mzee wa geti la tatu alikataa kabisa. Nilienda jioni moja nikamwambia, "Mzee, tunaomba tu tufungue hapa chini, tutarudisha vizuri kuliko ilivyokuwa."

"Kijana yangu, hii rampu nilijenga hata wewe hujajua Utawala iko wapi. Maji hayajawahi kuingia kwangu."

Na ilikuwa kweli, hayakuwa yanaingia kwake, yalikuwa yanaingia kwa mama wa geti la nne. Barua hazikusaidia, grupu ndio ilifanya mambo mabaya zaidi, mtu akamjibu vibaya akatoka kwa grupu. Kitu ilisaidia ni siku ilinyesha saa kumi jioni nikambishia na mwavuli wa pili, nikamwambia tu, baba, kuja uone kitu. Tukasimama mbele ya rampu yake dakika kumi hatuongei, tunaangalia maji yanapanda yanageuka yanaenda kwa mama. Kesho yake alileta fundi wake mwenyewe. Msianze na kelele, anzeni na mwavuli.

Hatua ya 6: kalvati ya kuvuka barabara

Milimita 600 kwenda juu, si tu kwa sababu ya maji, ni kwa sababu ndogo kuliko hiyo mtu hawezi kuizibua. Mteremko wa asilimia 2 hivi. Ilazwe juu ya kitanda kilichoshindiliwa, si kwa matope, viungo vifungwe na simiti, kisha ujaze pande zote mbili kwa zamu, tabaka la sentimita 15 kushoto, shindilia, 15 kulia, shindilia, ukijaza upande mmoja wote kwanza paipu inasukumwa inahama. Juu yake udongo usipungue nusu mita, ama lori la kwanza la mchanga litaipasua. Jenga ukuta wa mawe mdomoni pande zote mbili na utandaze mawe pale maji yanatokea. Na shimo likipita kina cha mita moja na kitu, kuta zishikiliwe na mbao, udongo mweusi umefukia watu wengi wakiwa wanacheka.

Hatua ya 7: sasa barabara

Fanyeni kazi Januari na Februari, ama Agosti na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kushindilia maramu kwa matope ni kukoroga uji.

Penye kulikuwa na dimbwi lisilokauka, chimba udongo mweusi utoke, sentimita 30 hadi 60, utupwe, urudishe mawe ya hadkoo yamepangwa na kujazwa mapengo na vumbi la kwari, ndio maramu ije juu. Udongo mweusi unavimba ukinywa maji na unanywea ukikauka, kitu chochote unaweka juu yake bila mawe kinacheza nao. Hata kabro, watu wanafikiria kabro ni dawa ya kila kitu, kabro juu ya udongo mweusi bila msingi inakuwa mawimbi ndani ya mwaka. Mashimo ya kawaida kata kando ziwe wima, toa maji na tope, jaza kidogo kidogo ukishindilia, acha izidi kama sentimita tatu. Na vifusi vya mjengo vya bure, vile vina misumari na vigae, asante lakini hapana.

Mgongo wa barabara ni asilimia 5. Barabara ya mita 6, katikati iwe juu kuliko ukingo kwa sentimita 15, ya mita 4 iwe 10. Tengeneza ubao: mbao ndefu ya mita 2, mguu wa sentimita 10 upande mmoja, pimamaji juu yake. Mguu ukae kwa ukingo na ncha nyingine ielekee katikati, kipovu kikisimama kati uko sawa. Dereva wa greda atakuambia anajua. Mpimie tu.

Maramu nzuri ina mawe madogo, mchanga na udongo kidogo wa kushika. Lowesha kiasi, finya kwa ngumi: ikishika umbo bila kutoa maji, na ukiiangusha ivunjike vipande vichache, chukua. Ikishika kama chapati ni udongo mtupu, itateleza. Ikimwagika ni mchanga, itapeperuka.

Hesabu ya lori sasa, hapa ndio tuliliwa. Mita 100 kwa upana wa mita 4 kwa unene wa sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita 60 za ujazo, ongeza robo kwa sababu itanywea, 75. Usinunue kwa tani zenye dereva anasema, panda na tepu upime karai ya tipa, urefu mara upana mara kimo, mita 4.5 kwa 2.3 kwa 1.15 ni karibu 12. Kwa hivyo mita 100 zinataka tipa saba. Zile saba zetu za mwanzo tulitandaza kwa mita mia tatu, sentimita tano na kidogo. Hiyo si barabara, ni poda.

Tandaza unene wa sentimita 20 ikiwa legelege ili ishuke hadi 15, nyunyizia maji, kisha rola ipite mara sita hadi nane mpaka isiache alama, ianzie kando ikielekea katikati. Kusema "gari zitashindilia zenyewe" ndio kuchora ile mifereji ya matairi upya.

Pesa, fupi tu: mchango uwe kwa geti, si kwa ukubwa wa nyumba, hiyo mjadala haiishi. Kotesheni tatu, watu wawili wa kuhesabu tipa zikiingia, lipa ikishamwaga, na kila M-Pesa iandikwe mahali wote wanaona. Mtaro ulipwe kwanza na maramu ndio ingoje, kwa sababu mkifanya maramu kwanza hakuna mtu atachanga ya mtaro, tayari anaendesha gari.

Kuitunza

Ondoeni yale matuta ya udongo mmeweka kupunguza kasi ya boda, kila moja ni bwawa lingine. Pandeni nyasi ya kikuyu kwa kuta za mtaro, inashika udongo na haizuii maji kama ikikatwa. Wekeni tipa moja ya maramu pembeni imefunikwa, shimo likiwa saizi ya sahani lizibwe siku hiyo na karai mbili, lisingoje liwe saizi ya beseni.

Sisi tunasafisha Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, kila geti inatoa mtu mmoja na jembe, na wiki ya mwisho ya Februari na ya Septemba tunainua slabu zote. Asiyekuja analeta chai na mandazi ya wote. Orodha anashika mzee wa geti la tatu, na yeye hasahau mtu.